FamilySearch kwa mwenye kutafuta jamaa waliohama karne ya 19: inakufikisha mlangoni, kubisha hodi ni juu yako

Watu huileta kazi hii kwa sura nyingi, lakini swali ni moja. Ndugu wawili waliagana bandarini mwaka 1882. Mmoja akapanda meli, mwingine akarudi shambani. Barua zilikwenda na kurudi kwa miaka thelathini au arobaini, mpaka kizazi kilichoijua lugha ya pande zote mbili kikaisha, anwani zikabadilika, pakawa kimya. Leo kitukuu wa aliyebaki anamtafuta kitukuu wa aliyeondoka. Je, FamilySearch, tovuti ya bure ya kumbukumbu za nasaba, itamsaidia?

Kwa kumfuata marehemu kutoka kwenye meli hadi kaburini, hakuna huduma ya bure inayoikaribia. Kwa kuwapata wazao walio hai, tovuti hii imefungwa kwa makusudi, na anayetarajia vinginevyo atapoteza miezi. Ukilijua hilo tangu mwanzo, utaitumia vizuri zaidi kuliko wengi walioandika kuisifu au kuilaani.

Kwanza mwenye mali. FamilySearch ni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao Salt Lake City. Chama cha nasaba kilichoizaa kilianzishwa 1894, kikaanza kupiga nyaraka za dunia mikrofilamu mwaka 1938, na tovuti ikafunguliwa 1999. Roli zipatazo milioni 2.4 za mikrofilamu zilimalizwa kugeuzwa picha za kidijiti mwaka 2021. Akaunti ni bure, na huhitaji kuwa muumini wao. Ila fahamu kwamba waumini hufanya ibada kwa niaba ya marehemu, ubatizo ukiwemo, na zipo familia zisizopenda jambo hilo. Kama ya kwenu ni miongoni mwao, tumia upande wa kumbukumbu na usiingize majina kwenye mti wa ukoo wa tovuti.

Kosa la wageni wengi ni kuanzia kwenye huo mti. Unaandika jina la babu, unakuta tayari mtu kamchorea ukoo hadi mwaka 1600, unafurahi, unanakili. Anzia kwenye kumbukumbu za kihistoria. Pale kwenye fomu ya kutafuta jaza vitu vichache: jina la ukoo, mwaka wa kuzaliwa ukiwa na nafasi ya miaka mitano kila upande, na nchi aliyokwenda. Usijaze kijiji cha asili, kwa sababu makarani wa ng'ambo mara nyingi waliandika nchi tu, na kila kisanduku unachojaza bure kinasukuma jibu sahihi chini. Nyota inasimama badala ya herufi zozote, hata kama hakuna. Alama ya kuuliza inasimama badala ya herufi moja tu. Ols?n inaleta Olsen na Olson kwa pamoja. Schmi*t inaleta Schmidt na Schmitt.

Ujanja unaolipa kuliko wote ni huu: acha kisanduku cha jina la mtafutwa kitupu kabisa, kisha jaza majina ya baba na mama peke yake, yaani mhamiaji na mkewe. Tovuti itakurudishia vyeti vya ndoa na vya vifo vya watoto ambavyo wazazi hao wametajwa ndani yake, wakiwemo mabinti ambao majina yao ya ndoa hukuyajua. Ukoo mwingi hupotea kwa mabinti, si kwa wana, na njia hii ndiyo inayowarudisha.

Kwa waliokwenda Marekani, njia ya karatasi ina mashimo ambayo si kosa la tovuti, na anayeyajua hatatafuta kisichokuwepo. New York ilipokea wahamiaji Castle Garden tangu Agosti 1855 hadi Aprili 1890; kituo cha Ellis Island kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Kwa hiyo aliyefika 1875 hakupita Ellis Island, hata kama hadithi ya familia inasema hivyo. Usiku wa kuamkia 15 Juni 1897 majengo ya mbao ya kituo hicho yaliungua pamoja na vitabu vya ofisi ya uhamiaji vya tangu 1855, lakini orodha za abiria zilizokuwa mikononi mwa forodha zilinusurika, na ndizo unazozisoma leo. Sensa ya 1890 nayo karibu yote iliangamia baada ya moto wa Januari 1921 huko Washington. Ndiyo maana mtu anaonekana kijana wa miaka 22 katika sensa ya 1880, kisha anaibuka 1900 akiwa baba wa watoto saba.

Orodha za abiria zenyewe hutofautiana sana kwa miaka. Zile za kabla ya 1893 mara nyingi zina jina, umri, kazi na nchi, basi. Kuanzia sheria ya 1893, orodha inaeleza makazi ya mwisho, mahali mtu anakokwenda, na kama anamfuata jamaa, basi jina na anwani ya jamaa huyo. Kuanzia 1907 inaongezwa jina la ndugu wa karibu aliyeachwa nyumbani. Kama babu yako alihama 1880, usimtafute yeye tu. Mtafute mdogo wake au mpwa aliyefuata 1895 au 1908, kwa sababu karatasi ya huyo wa pili ndiyo itakayotaja anwani ya wa kwanza.

Ukurasa wa sensa ya 1900 unastahili kusomwa polepole. Usitosheke na faharasa, fungua picha. Baada ya jina na uhusiano na mkuu wa kaya, kuna mwezi na mwaka wa kuzaliwa, jambo ambalo sensa nyingine za zama zile hazina. Kisha miaka waliyokaa katika ndoa; idadi ya watoto mama aliowazaa na idadi ya walio hai. Hapo ukiona 9 na 6, jua kuna watoto watatu wa kuwatafuta makaburini. Mbele zaidi kuna mwaka wa kuingia nchini, miaka aliyokaa, na herufi mbili za uraia: Al ni mgeni, Pa ameanza kuomba karatasi, Na amekwisha kupata tajnisi, yaani uraia wa kuomba. Mwaka wa kuingia hukosewa kwa mwaka mmoja miwili, kwani mara nyingi aliyejibu mlangoni alikuwa mke, mtoto au hata jirani. Linganisha na sensa za 1910 na 1920 kabla ya kuuamini.

Karatasi za tajnisi za karne ya 19 zinakatisha tamaa. Kabla ya 27 Septemba 1906 mahakama karibu yoyote ingeweza kumpa mtu uraia, kila moja kwa fomu yake, na nyingi zilitaja tu mfalme ambaye mtu anamkana. Wake hawamo, maana tangu 1855 hadi 1922 mke alifuata uraia wa mumewe. Kama unatafuta jina la kijiji, pita hapo haraka. Nenda kwenye rejesta za kanisa la wahamiaji, ambako padri au mchungaji aliyetoka nchi moja nao aliweza kuandika kijiji kwa tahajia sahihi, na usome majina ya wasimamizi wa ubatizo. Wahamiaji walikwenda kwa mafungu kutoka kijiji kimoja. Msimamizi wa mtoto wa kwanza aghalabu ni ndugu au mtu wa kwao.

Halafu ile hadithi kwamba makarani wa Ellis Island waliwabadilishia watu majina: si kweli. Walikuwa wakikagua orodha zilizoandikwa bandari ya kuondokea. Majina yalibadilishwa baadaye na wenyewe, kazini, shuleni, mahakamani. Szabó akawa Taylor kwa sababu yote mawili maana yake ni mshonaji. Kwa hiyo tafuta meli kwa jina la zamani na sensa kwa jina jipya.

Jinsi jina linavyoweza kupoteza watu, tazama Annie Moore, msichana wa Ireland aliyekuwa wa kwanza kuandikishwa Ellis Island siku ile ya 1892. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba alikwenda Texas, na wazao wa Annie Moore wa Texas wakaalikwa kwenye sherehe. Mwaka 2006 mtafiti wa nasaba Megan Smolenyak alionyesha kwamba yule wa Texas alizaliwa Illinois, hakuwahi kuwa mhamiaji. Annie mwenyewe alibaki Manhattan, akaolewa na Joseph Schayer, akafa 1924, akazikwa makaburi ya Calvary, Queens. Ikiwa mhamiaji mashuhuri kiasi hicho aliweza kuchanganywa na mwingine, John Murphy wako ana hatari mara elfu. Kanuni inayotumika: jina na umri havitoshi. Unahitaji angalau mambo mawili mengine yanayokubaliana, mathalani jina la mke na kazi, au mtaa na jina la kaka, ndipo useme ni yeye.

Kitu kinachoipa FamilySearch alama za juu kuliko washindani ni utafutaji wa maandishi kamili, uliotangazwa mapema 2024. Akili unde inasoma mwandiko wa mkono kwenye kurasa ambazo hazijawahi kuwekewa faharasa, ikianza na hati za ardhi na mirathi za Marekani na kumbukumbu za wathibitishaji hati wa Mexico, na maeneo yakazidi kuongezeka. Tofauti ni kubwa kuliko inavyosikika. Faharasa ya kawaida ya wosia humtaja aliyekufa tu. Utafutaji huu unamkuta yeyote aliyetajwa ndani: shahidi, mdaiwa, na zaidi ya wote ndugu aliyebaki ng'ambo. Wosia wa mjomba asiye na mtoto ni dhahabu, kwani mahakama ililazimika kuwaorodhesha warithi wote, pamoja na wapwa walioko nchi ya asili na makazi yao. Andika jina la ukoo ndani ya alama za kunukuu, weka alama ya kujumlisha mbele ya neno lisilotakiwa kukosekana, na ya kutoa mbele ya lile usilolitaka, kisha chuja kwa mahali na mwaka. Mashine hukosea: S kubwa ya zamani husomwa L, n husomwa u. Jaribu makosa hayo kwa kukusudia.

Kasoro inayoudhi ni funguo. Ukifungua katalogi ya mahali fulani utaona alama ya kamera kwenye nyaraka zenye picha. Kamera yenye ufunguo juu yake maana yake mkataba na mwenye nyaraka unazuia kuonyeshwa nyumbani, na utatakiwa kwenda kituo cha FamilySearch au maktaba shirikishi. Hakuna ujanja wa kupita. Orodhesha nambari za filamu na za picha nyumbani, kisha nenda siku moja na uzimalize zote.

Sasa mti. FamilySearch ina mti mmoja wa dunia nzima, na kila marehemu anatakiwa awe na ukurasa mmoja wenye nambari yake ya utambulisho. Yeyote mwenye akaunti anaweza kuuhariri. Uzuri wake ni kwamba pande mbili za ukoo hukutana kwenye ukurasa wa mhamiaji mmoja bila kujuana. Ubaya ni kwamba mtu mwenye haraka anaweza kuunganisha watu wawili wa jina moja, na wazazi, wake na watoto wakavurugika kwa kubofya mara tatu. Dalili za ukurasa uliovurugwa ni nyepesi: mtoto aliyezaliwa baada ya mama kufa, watoto wawili waliopishana kuzaliwa kwa miezi minne tu, tena katika nchi mbili, mke anayeitwa Mary na pia Bridget bila kumbukumbu hata moja iliyoambatishwa. Usianze kufuta. Fungua orodha ya mabadiliko, tafuta siku muunganisho ulipofanyika, utengue huo, na uandike sababu ukiambatisha hati. Usipoandika sababu, mtu mwingine atarudisha kosa lile lile mwezi ujao akiamini anakusaidia. Kisha bofya kufuatilia ukurasa huo, upate taarifa za mabadiliko yake kwa baruapepe.

Kwa waliohamia kwingine, au waliotokea kwingine, huduma hii si lazima iwe kituo cha kwanza. Orodha za abiria walioondokea Hamburg, bandari ya Ujerumani, za 1850 hadi 1934 zipo na zinataja makazi ya mwisho ya abiria, jambo ambalo orodha za Marekani za wakati ule hazifanyi. Asili zake ziko Hifadhi ya Jimbo la Hamburg, na tovuti ya Ancestry ina picha zake. Orodha za Bremen za karne ya 19 usizitafute, hazikuhifadhiwa. Wenye asili ya Ireland wana pigo la moto wa Dublin wa 1922 katika hifadhi ya taifa, lakini rejesta za parokia za Kikatoliki hazikuwa humo, na Maktaba ya Taifa ya Ireland imeziweka mtandaoni bure. Wazao wa vibarua wa mkataba kutoka India wako vizuri kuliko wanavyodhani: pasi ya msafiri iliandika jina la baba, kijiji, wilaya, urefu na alama za mwilini. Nyaraka za waliokwenda Mauritius ziko Taasisi ya Mahatma Gandhi, Moka.

Umefika kwa wajukuu wa mhamiaji; hapo tovuti inanyamaza. Walio hai hawaonyeshwi kwa umma, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Sensa ya Marekani ya karibuni iliyo wazi ni ya 1950, iliyofunguliwa Aprili 2022 kwa sababu ya kanuni ya miaka 72. Kutoka hapo unashuka kwa tanzia. Tanzia ya mtoto wa mhamiaji aliyefariki miaka ya 1970 hutaja wanawe, mabinti kwa majina ya waume zao, na miji wanakoishi. Tanzia ya mmoja wa hao, ya miaka ya 2000, inataja wajukuu. Hatua mbili tu na umemfikia aliye hai. Find a Grave, ambayo ni bure, mara nyingi ina tanzia hizo chini ya picha ya kaburi, na aliyeipiga picha hiyo ni mtu wa kumwandikia: si ajabu akawa jamaa.

Pale karatasi zinapokatika kabisa, kipimo cha vinasaba kinasaidia, na FamilySearch haikiuzi. Hesabu yake inakwenda vizuri kwa maneno yetu ya nasaba. Vilembwe wawili wa wanandoa wamoja wana nafasi ya karibu asilimia 90 ya kuonyesha kipande cha pamoja, wastani sentimogani 73 (sentimogani ni kipimo cha ukubwa wa vipande vya vinasaba). Vilembwekeza nafasi yao ni nusu hivi, na wanaopatana huwa na wastani wa 35. Kizazi kinachofuata ni kumi na kitu kwa mia. Wazazi wa mhamiaji wa 1882 walizaliwa kama 1830, kwa hiyo wazee walio hai leo ni vilembwe wao na vijana ni vilembwekeza au chini zaidi. Hitimisho ni la wazi: usipime wewe kama bibi yupo. Mpime bibi, na kaka zake, kwa sababu kila mmoja alirithi vipande tofauti. Mafanano ya chini ya sentimogani 10 yaache. Mengi ni bahati nasibu. Kwa koo za visiwani au mabondeni walikooana wenyewe kwa wenyewe, namba huvimba na jamaa wa mbali huonekana wa karibu.

Kati ya kampuni zinazopima, AncestryDNA ndiyo yenye hifadhi kubwa zaidi na ndiko wazao wa waliohamia Marekani walikojazana. MyHeritage ina nguvu kwa waliobaki Ulaya. Popote utakapopima, pakua data ghafi siku majibu yanapotoka. 23andMe, kampuni nyingine ya kupima, iliomba ulinzi wa kufilisika Machi 2025, na wateja wengi walikimbilia kupakua na kufuta kwa wakati mmoja.

Ujumbe wa ndani wa FamilySearch upo, ila usiutegemee. Akaunti nyingi zimelala, na aliyebadilisha baruapepe hataona taarifa. Tumia ujumbe huo, na pia tuma barua ya karatasi ikiwa tanzia au kitabu cha simu kimekupa anwani. Barua ya kwanza iwe fupi kuliko unavyotaka. Mtaje mhamiaji kwa jina lake la pande zote mbili, mwaka wa kuzaliwa, kijiji na, kama unayo, meli. Ambatisha hati moja ambayo upande wao hawana, kwa mfano rejesta ya ubatizo ya kijijini. Uliza swali moja linalojibika kwa mstari mmoja: "Je, bibi yako aliitwa hivi?" Usitaje mirathi, shamba, nyumba wala fedha, hata kwa mzaha, barua za matapeli huanza hivyo hivyo. Usiombe picha za watoto. Ukitumia mashine ya kutafsiri, sentensi ziwe fupi, na majina ya mahali yabaki katika lugha yake. Jibu lisipokuja, andika tena baada ya wiki sita, kwa mtu mwingine wa tawi lile lile. Mara nyingi barua ya kwanza ilifika, ila ilimwangukia asiyejali.

Wakishajibu, hamisheni mazungumzo nje ya tovuti wiki hiyo hiyo, na kila upande utoe watu wawili wa vizazi tofauti, si mzee mmoja mwenye hamu. Barua za 1882 zilikatika kwa sababu kila upande ulikuwa na mwandishi mmoja. Nambari ya utambulisho ya mhamiaji iandikwe juu ya kila faili mnalotumiana, maana majina yatabadilika tena na simu zitapotea, lakini atakayetafuta baadaye akiandika nambari hiyo ataangukia ukurasa ule ule.